Watu wa Kufa Mezani Kwangu

Ninyi vijana mutakaosoma hii, mutasema mwanamuke muzee anakasirikia muchezo. Ndiyo. Nilikasirika, na mpaka leo haijanitoka.

Mujukuu wangu anasoma université. Kila Jumamosi wenzake wanapanda mpaka kwetu Bagira, wanakaa kwenye meza yangu na kete na makaratasi, wanacheza dunia ya kutunga: wafalme, walozi, majoka. Kila mumoja ni shujaa. Watu wengine wote wa ile dunia, mujukuu wangu ndiye anawatunga: askari wangapi, mapadri wangapi, kila aina na nguvu yake.

Siku moja mimi Koko, bibi yao, nilikuja kuondoa vikombe, nikauliza, "Na mimi niko wapi mule?"

"Koko, uko huku, kwa wanakijiji. Ndio wengi kabisa. Nguvu yao ni moja."

"Hata kuku ya Koko iko na mbili," rafiki yake akasema. Wakacheka wote.

"Na wanajua kufanya nini?"

"Kufa, Koko. Joka linachoma kijiji, mashujaa wanakasirika, wanaanza safari. Bila vile hadithi haiendi. Leo tunachoma kimoja."

Mujukuu wangu alisema hivyo kama mutu anayeomba chumvi. Basi hasira ya shujaa inataka kuni, na kuni ni sisi.

Mimi, wakati wa vita, nilishatoka katika kijiji kinachoungua. Tulishuka kwa miguu kuelekea Kamanyola, mama mbele, mudogo wangu mugongoni mwangu. Alikufa njiani. Tulimufunika na majani ya migomba, tukaendelea, maana waliotufuata hawakuwa mbali. Matanga hatukukaa. Hakuna jirani aliyewasha moto, mama hakukalia mukeka. Yule mutoto alijua kuiga sauti ya kila mbuzi wa jirani. Kwenye karatasi yao hiyo iko wapi?

"Koko, ni muchezo tu. Hawa watu hawako."

"Wewe ndiye uliwatunga. Mutu anazaa, halafu anasema mutoto hayuko?"

Alikuwa na kete mukononi. Hakuzirusha. Nilibeba sufuria ya maharagwe niliyokuwa nimewawekea mezani, nikairudisha jikoni, nikawaambia wote wa nyumba wasikie:

"Mukiua mutu kwa hii meza, mutazima muziki, mutashuka chini kwa mukeka, mutakaa matanga yake. Kila mumoja atasema marehemu alikuwa mutoto wa nani, alijua kufanya nini, na nani amebaki akimulilia. Kabla ya hapo, hakuna mutu atagusa bugali."