Firigisi ya Marehemu Mume Wangu Niliikatia Ndani ya Pai

Admin, nifichie jina na mtaa, maana hapa Durban sisi Wakongo tunajuana mpaka rangi ya mapazia.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, mtu wa Uvira, nasuka nywele saluni. Nina watoto wawili. Mume wangu alifariki Januari ya mwaka jana, figo. Nikabaki na watoto na mama yake mzazi, ambaye kwangu hakuwa mkwe, alikuwa mama, kwa sababu wangu alikufa nikiwa mdogo. Asubuhi tunagombana kwa ajili ya chumvi, jioni ananisugua mgongo kwa dawa ya moto. Watu walikuwa wanadhani amenizaa yeye.

Marehemu alikuwa anafanya kazi kwenye duka la mikate mjini, upande wa pai. Aki, yule mwanaume alijua pai! Ndiye aliyenifundisha: siagi iwe baridi, unga usiukande kama wa chapati, mchuzi uwe mzito usilowanishe chini. Pembeni wenzake walibana kwa uma, yeye alibana kwa kidole gumba. Tangu tumzike sikuwahi kutengeneza hata moja.

Noeli hii iliyopita mteja wangu mmoja wa Westville alinipa bata mzinga mzima. Tulimchoma, tukala, akabaki nusu. Ndani ya tumbo lake kulikuwa na kimfuko cha shingo na firigisi, mama akakichukua akapika mwenyewe pembeni. Mimi sikuuliza. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwanamke hampi mwanaume mwingine, na akimpa, watu wanaelewa.

Kesho yake nikasema hii nyama isiharibike, ngoja niwapikie watoto pai ya baba yao. Nikatoa mabaki yote kwenye friji: kifua, mapaja, na kabakuli kalikokuwa nyuma kabisa na nyama ya kuchemsha. Nikakatakata vyote vidogo vidogo. Nikaweka karoti, njegere, viazi, kitunguu, maziwa na pilipili manga. Binti yangu akabana pembeni kwa kidole gumba, bila kuambiwa na mtu. Nilikuwa naimba, jamani. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilikuwa naimba.

Siku hiyo alikuwepo kaka mmoja Mrundi wa kanisani, nitamwita D, alikuja kututengenezea bomba la jikoni. Anataka kuondoka, mama mwenyewe akamzuia: "Mutu hawezi kufanya kazi kwetu halafu aende na njaa. Kaa, mtoto yangu." Tukakaa. Mama ndiyo kwanza anaingiza kijiko kwenye kipande chake, D akatafuna, akacheka: "Ee dada! Na firigisi imo! Leo nimekuwa mzee wa nyumba."

Mama aliweka kijiko chini. Akaenda kwenye friji, akainama, akatafuta. Akageuka kwenye sinki, akatoa kale kabakuli, kenye kifuniko cha bluu. Hapo ndipo nilipokatambua. Noeli ya mwisho ya mume wangu alikuwa amelazwa, mama akampelekea firigisi ndani ya kabakuli hako hako. Alishindwa kumeza. Akasema, "Mama, uniwekee, nitakula nikirudi." Hakurudi. Na Noeli hii mama alimwekea tena, kimya kimya.

"Firigisi ya mtoto yangu iko wapi?"

"Mama, sikujua."

"Mwanamuke hajui kile anaweka mudomoni mwa mwanaume? Hata mwaka haujaisha! Umekalisha mwanaume kwenye kiti ya mtoto yangu, mbele ya watoto yake!"

D alichukua vifaa vyake akatoka, hata kuaga hakuaga. Mimi nami mdomo ninao, Mungu anisamehe. Nikapandwa na hasira, kuitwa malaya mbele ya binti yangu, nami sijawahi hata kumtazama D mara mbili. Nikasema, "Mama, wafu hawali!"

Eish. Nimelisema neno lile mimi. Alifunga kitenge, akachukua Biblia na kale kabakuli, akaenda kwa mama mmoja wa kanisa kule Bluff. Mpaka leo simu zangu hapokei. Kanisani wamama wananiangalia kama bibi harusi wa D. Na sasa nasikia anawaomba wazee wa jamii wamrudishe Uvira. Arudi wapi? Nyumba ilichomwa, watu wake wote walikimbia. Anataka kwenda kufa, na mimi ndiye nimemfukuza.

Juzi binti yangu alikwenda kumsalimia. Anasema bibi hakuuliza habari yangu hata kidogo. Aliuliza kitu kimoja tu: "Ile pai, ilitoka sawa na ya baba yako?" Binti akamjibu, "Bibi, ni ileile." Bibi akageukia ukuta akalia.

Ndugu zangu, kipande chake mama bado ninacho kwenye friza, na alama ya kijiko chake iko pale pale. Ile firigisi niliikata vidogo ikasambaa pai nzima, kwa hiyo na kwenye kipande chake imo. Usiku nawaza nikipashe moto nimpelekee, nimwambie mama, tulikuwa tunamlilia mtu mmoja, wewe kwa kabakuli, mimi kwa unga. Halafu naogopa ataona namletea ushahidi wa kosa.

Ninyi mliowahi kukosana na mzazi mwenye kidonda, nishaurini. Nibishe hodi Bluff na kile kipande mkononi, au niende mikono mitupu nipige magoti? Mama ninaye huyo mmoja tu.