Kilima cha Veranda

Mbwa wa shamba la chai ndio walionifanya nitafute tredmili, ile mashine ya kukimbilia papo hapo. Nilikuwa nikijiandaa kwa mbio za milimani, zile za matope na mizizi, na njia zangu zote zilipita katikati ya majani chai. Siku moja walinzi waliachia mbwa wawafukuze vijana waliokuwa wakirusha mawe, na mbwa mmoja akaniona mimi. Aliniuma paja, akatikisa kichwa mpaka nyama ikatoka. Niliapa kutokimbia huko tena, na nikabaki na hasira na kila mtu: walinzi, vijana, mbwa, hata chai yenyewe.

Vijana nao walikuwa na yao. Mashine za kuchuna majani zilikuwa zimeingia mashambani, na mama zao wakaambiwa wakae nyumbani. Baadhi ya mashine hizo walikuwa wameshazichoma. Nilijua hayo yote, na bado sikufikiria mara mbili kabla ya kuleta mashine.

Mfanyabiashara mmoja wa Kericho mjini alikuwa na tredmili inayoinuka sana, karibu kama ngazi. "Enda nayo kwanza, ujaribu," aliniambia. "Ukiipenda tutaongea." Mdogo wangu, ambaye ana pikapu, akaileta kwangu, upande wa Kabianga, imefunikwa turubai na vyuma vikichungulia nje.

Watu walioona vyuma hivyo walimfuata kwa pikipiki tangu mashambani. Nilipofungua geti barabara ilikuwa imejaa wanaume kwa wanawake, na mama mmoja alikuwa na jerikeni ya petroli. Walimvuta mdogo wangu kupitia dirisha la gari. Alipigwa rungu juu ya jicho, akaanguka, na jamaa mmoja mwenye gambuti nyeupe za mpira akamkanyaga shingo. Mwingine akapasua turubai kwa panga.

"Si unaona mkanda?" alisema. "Hii ndio inabeba majani."

"Ni ya kukimbia," nikasema. "Mtu anapanda juu, anakimbia kama yuko kilimani. Ni mazoezi tu."

"Kukimbia aende wapi?"

Yule mama akamwagia mdogo wangu petroli kichwani. Aliniita "Dada" mara moja tu, halafu petroli ikamwingia mdomoni akaanza kukohoa. Nikawaambia waipeleke mashine veranda, niwaonyeshe kwa macho yao.

"Sawa," akasema mwenye gambuti. "Lakini ikipatikana ni ya chai, huyu tunamchoma nayo."

Wanne wakaibeba. Nikachomeka waya kwenye stima, nikapanda miguu mitupu. Mwenye gambuti alimwachia mwenzake ile shingo, akaja kusimama kando yangu.

"Kilima iko wapi?"

Nikamwonyesha kitufe cha kuinua mashine. Akakibonyeza na hakukiachilia.

Nilikimbia. Sehemu ya mbele ya mashine ilipanda mpaka nikawa natazama mabati badala ya ukuta. Kidonda cha paja kikafunguka, damu ikashuka hadi kwenye kisigino na kuchora mkanda. Hata hapo akili ya mkimbiaji haikulala: mota haikulegea, mkanda haukukwama chini ya uzito wangu, fremu haikuyumba. Ilikuwa mashine nzuri sana. Nilimwomba Mungu isizime, maana ikizima, kiberiti kingewashwa.

"Inatosha," nikasema. "Umeona."

"Bado."

"Inatosha, ndugu yangu."

"Bado, madam."

Alikuwa akitabasamu. Ningekuwa na panga ningeukata ule mkono, na sioni aibu kusema hivyo.

Mwishowe miguu ikakataa. Mkanda ukanitupa nyuma, kidevu kikagonga saruji, ngozi ya magoti ikabaki pale. Mashine iliendelea kuzunguka peke yake, ikiipitisha damu yangu tena na tena mbele ya watu. Yule mama akaitazama kwa muda mrefu, kisha akafunga kifuniko cha jerikeni.

"Wachilia kijana wa wenyewe," alisema. "Hii haijui chai. Inamaliza tu mwenye ameipanda."

Wakaondoka wakinung'unika. Hospitalini walijitahidi, lakini jicho la mdogo wangu la kushoto halikuona tena.

Mashine niliinunua. Watu hudhani nina wazimu, lakini bila ile mota ningemzika ndugu yangu. Kwa kupanda mlima sijaona mfano wake. Kushuka haifundishi, na matelemko bado yananishinda.

Asubuhi mdogo wangu hupita kwangu kabla ya kwenda kazini. Siwezi kuipanda mpaka afike, na yeye hakubali mtu mwingine asimame pale. Huweka kidole juu ya kitufe cha kuzima, ananitazama kwa jicho lake moja, naye hanywi chai mpaka nimalize. Nikichoka nasema inatosha, na mkanda husimama kabla sijamaliza neno.