Kioo cha Mwisho cha Lazar

Mtu akifa kule Mramorka, karatasi yake hubandikwa. Picha, jina, miaka, ukingo mweusi. Langoni kwake, kwenye nguzo ya umeme, mlangoni mwa duka la mikate. Zikitimia siku arobaini hubandikwa nyingine, miezi sita nyingine, na kila mwaka vivyo hivyo, mpaka nguzo zimenenepa kwa marehemu. Lango la Nevyana Karadalieva peke yake lilikuwa tupu, na mumewe Lazar alikuwa amepotea mwaka wa ishirini na mbili sasa.

"Utamwacha mpaka lini mwenzio hana karatasi?" jirani yake Zlata alimuuliza juu ya ua, mikono imejaa vitunguu. "Hata mlevi wangu anayo, tena nilimchagulia picha nzuri kuliko alivyokuwa."

"Mtu hajapatikana, Zlata."

"Hajapatikana! Kwani ni mbuzi? Angekuwa hai angeshakuja kula maharage yako. Unajua alivyoyapenda."

Nevyana akacheka kidogo, akaingia ndani. Kwenye mlango wa mbele palikuwa na ndara za sufu za Lazar, vidole vimeelekea ndani, tayari kuvaliwa. Hakumwambia Zlata, wala mtu yeyote, kwamba asubuhi nyingine kukipambazuka husikia viatu vikikung'utwa theluji kwenye ngazi. Kushoto, halafu kulia. Akifungua, hamna mtu.

Alikuwa binti wa mpasua mbao. Kule juu mlimani, kwenye kituo cha kutazama nyota, alianza akiwa na miaka ishirini na mmoja, kuosha vyombo vya dawa za picha. Wakubwa waliona ana macho, wakampa kazi ya kulinganisha vioo, kwa maana zamani hizo mbingu ilipigwa picha juu ya vioo. Aliweka viwili kwenye mashine, cha mwaka uliopita na cha usiku wa jana, vya sehemu ileile, na mashine ikamwonyesha hiki, kile, hiki, kile. Nyota zote hutulia. Ile ambayo haikuwapo hukonyeza. Alizipata kumi na nne kwa namna hiyo, nyota zilizolipuka huko mbali kusikofikirika, na kila moja aliizungushia duara dogo la wino.

Lazar ndiye alikuwa mpiga picha wa usiku. Yeye hupanda jioni, mkewe asubuhi. Walikutana barabarani, mmoja anashuka mwingine anapanda, naye humpa mkewe chai iliyobaki ndani ya chupa yake ya bati yenye bonde ubavuni.

"Ndoa ya zamu," Lazar alikuwa akisema. "Ndiyo maana hatugombani."

Asubuhi moja ya Februari Nevyana hakukutana naye. Theluji ilikuwa imeanguka tangu alfajiri. Wakamtafuta siku tisa, barabara yote na msitu ulio chini yake, kwa kuwa kila mtu alijua Lazar hushuka kwa barabara. Siku ya tatu Nevyana alipanda kazini, maana nyumbani hapakukalika. Juu ya meza yake kilikuwapo kioo cha usiku ule, kimekauka, kimo ndani ya bahasha, na juu ya bahasha mwandiko wa mumewe. Hakuusoma. Aliuona tu, akaigeuza bahasha uso chini. Kioo hiki kikisomwa, alijiambia, kazi yake itakuwa imekwisha, na mtu aliyemaliza kazi harudi. Akakifunga ndani ya aproni, akakipeleka nyumbani, akakiweka chini kabisa ndani ya sanduku lake la arusi. Katika daftari la kituo akaandika: kimevunjika.

Miaka ikaenda. Vioo vikaachwa, zikaja kamera za kompyuta, Nevyana akabaki mtunza vioo vya zamani. Amebakiza wiki sita astaafu, mwezi wa Mei, akaja Daktari Yordana, mtaalamu wa nyota, binti wa mjini mwenye kikohozi na viatu visivyofaa mlima.

"Natafuta nyota zilizolipuka, Mama Nevyana. Za aina moja tu. Hizo zikilipuka, mng'ao wao ni karibu uleule, kwa hiyo zinavyofifia machoni ndivyo tunavyojua ziko mbali kiasi gani. Halafu rangi ya mwanga inatuambia kundi lake la nyota linatukimbia kwa kasi gani. Kwa umbali fulani, kasi fulani. Lakini makundi mengine yanapitiliza, mengine yanachelewa. Yanavutwa."

"Yanavutwa na nini?"

"Na kitu kizito. Mara nyingi hatukioni hata kidogo. Tunaziweka nyota kwenye ramani moja moja, na tukiona makundi yote yameelemea upande mmoja, tunasema, hapo pana kitu."

Nevyana alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka zamani. "Kwa hiyo mnakijua kwa kuwaangalia waliobaki. Wanavyoelemea."

"Hivyo hasa, mama."

Upande mmoja wa ramani ya Yordana ulikuwa mtupu, ila kwa nyota moja ya Februari ile. Wengine duniani waliiona wiki tatu baadaye, wakapima rangi zake, wakajua ni aina hiyohiyo. Lakini ilikuwa imeshaanza kufifia, na bila kujua mng'ao wake ulipandaje, umbali wake ulikuwa wa kubahatisha.

"Kituo hiki kiliipiga picha mapema," Yordana alisema. "Daftari linasema kioo kimevunjika. Mwandiko wako, mama. Vipande havikubaki? Hata kimoja kinanitosha."

"Nitaangalia."

Siku tatu hakuangalia kitu. Aliketi nyumbani akaitazama nyumba yake. Kiti, kitanda, meza, ndara, vyote vilikuwa vimeelekezwa mlango wa mbele, na hakukumbuka kuvielekeza. Siku ya nne akapanda mlima, aproni kaikumbatia kifuani.

"Nilidanganya," alisema.

Yordana hakumlaumu. Alivaa glavu, akakitoa kioo, akainama na lenzi kwa muda mrefu. "Ipo," akanong'ona. "Mama, ipo! Safi kabisa." Kisha akachukua bahasha, maana alihitaji kujua saa ya picha, akaisoma kwa sauti kama alivyosoma bahasha zote: "Kuanza, saa kumi na robo. Saa kumi na moja na dakika kumi, mawingu, nimefunga. Mbwa mwitu wako barabarani tangu jana. Nashuka kwa njia ya kinu cha maji."

Aliinua kichwa. Hakujua alichokisoma.

"Rudia," Nevyana alisema.

Akarudia.

Njia ya kinu hakuna aliyeipita katika siku zile tisa. Na bahasha ilikuwa sandukuni, hatua tano kutoka kitandani.

Wanaume waliteremka korongoni chini ya kinu. Walirudi na chupa ya bati yenye bonde ubavuni, na kifungo cha koti, na kitu kidogo kingine ambacho kasisi alikifunika upesi. Zlata alikuja na ndoo ya gundi. Siku ile hakutania. Walibandika langoni, kwenye nguzo, dukani, na Nevyana akaomba karatasi moja zaidi, akaenda kuibandika mwenyewe kwenye mhimili wa kinu, mahali ambapo hapiti mtu.

Jumamosi ya wafu ya mwezi wa Juni aligawa ngano ya kuchemsha na cheri pale makaburini, na kila aliyepokea akasema Mungu amsamehe Lazar. Hakuna aliyesema Mungu amsamehe Nevyana, na yeye alikuwa akingoja.

Kesho yake, kunapambazuka, akasikia viatu vikikung'utwa theluji. Mwezi wa Juni. Kushoto, halafu kulia. Ila havikuwa kwenye ngazi za mbele. Vilikuwa nyuma ya nyumba, kunakotokea njia ya kinu, kwenye mlango alioupangia kuni kwa ndani tangu vuli iliyotangulia theluji ile ya Februari, na ambao hajaufungua tena.

Nevyana akainuka. Akachukua zile ndara, akaziweka karibu naye sakafuni, akaanza kuondoa kuni, kipande kimoja kimoja.