Sabuni za Kivaa

Mama yangu hajawahi kuielewa kazi yangu. Akiulizwa kanisani, husema, "Anauliza watu mambo yenye wanajua." Sijapata jibu la kumshinda. Mimi ni mchumi wa tabia: nachunguza jinsi watu wanavyoamua mambo, na ofisi yetu iko Syokimau. Mwaka jana mkataba wangu ulitegemea utafiti mmoja wa kijijini Kivaa, Ukambani. Ukifaulu, nabaki kazini. Ukiharibika, narudi nyumbani.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Nilikwenda kwa kikundi cha mwethya, akina mama wanaochimba matuta shambani kwa huyu leo, kwa yule kesho. Nikatundika leso katika darasa la chekechea. Kila mama angeingia nyuma ya leso na kuchagua: sabuni ya kufulia leo, au jembe jipya baada ya mwezi. Nilitaka kujua nani huweza kusubiri. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba kila mtu aamue peke yake. Nililieleza kwa Kiswahili, nikalirudia kwa Kikamba, wakaitikia kwa vichwa.

Wa kwanza akachukua sabuni. Wa pili, sabuni. Kufikia jioni hakuna hata mmoja aliyeandikisha jembe, na mimi masikio yalikuwa yananiwaka kwa hasira. Wakulima hawa, tena mvua inabisha hodi, hawataki jembe?

"Mwaitu," nikamwambia mwenyekiti wao, nikimwita mama kwa Kikamba, "si nilisema kila mtu achague yake?"

"Na tumechagua, mwanangu. Tuliongea huko nje kabla tuingie." Akanielekeza kwa kidevu kwa mama mmoja mjane aliyekuwa akiifunga sabuni yake kwenye kitambaa. "Huyo ako na mtoto mgonjwa, anafua kila siku na hana sabuni. Sasa achukue peke yake, aonekane hawezi ngoja kama wengine? Tukasema ni sabuni sisi wote."

"Lakini jembe mlilitaka?"

"Jembe nani hataki?"

Nilikuwa nimekula ng'ombe mzima nikashindwa mkiani, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumgombeza. Huko ofisini, mkubwa wangu aliyasoma majibu, akayasukuma kando.

"Haya ni machafu," akasema. "Hakuna aliyeamua hapa."

Pesa za kutulipa sote hazikuwepo tena, na wa kuondoka nikawa mimi. Nikaomba jambo moja: wenzangu wakikubali kupunguza kila mmoja siku moja ya kazi kwa wiki, pamoja na malipo yake, mshahara wangu utapatikana, nibaki. Hao ni watu niliokula nao sahani moja kwa miaka, na harusi zao nimezichangia. Mkubwa hakukataa. Ila aliwaita mmoja mmoja, mlango umefungwa, ili asiwepo wa kumshawishi mwenzake.

Wakati wa chai walinijia, huyu akitoka yule akija. Kila mmoja alinong'ona kwamba yeye angekubali, lakini alijua wengine watakataa, sasa angejitoa peke yake kwa faida gani?

Nikaenda kuchukua mkoba wangu. Wote walikuwa wamekataa, kila mtu kivyake, hakuna aliyesemezana na mwenzake. Hatukuwahi kupata majibu safi kama yale.