Sehemu Yangu Kando ya Mama

Sifa njema ni zake Mola aliyeniumba katika mji mdogo nisiouchagua, akanizeesha katika mji mkubwa nisioutarajia, na kote kuwili hakuninyima chakula wala watu wa kuswali nao. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake na wema waliotutangulia. Baada ya kumshukuru, naanza.

Tulimzika rafiki yangu mwanzoni mwa majira ya baridi, katika makaburi ya Waislamu yaliyo pembezoni mwa Brussels. Kule Saint-Gilles, mtaa wetu mjini humo, dirisha lake lilitazamana na langu, na kwa miaka mingi tulikwenda pamoja msikitini alfajiri bila kusemezana mpaka tuwe tumeshaswali. Kaburi lake lilichimbwa kwa mashine. Udongo ulikuwa mzito na umejaa maji, na sisi wazee tulisimama juu ya mbao ili viatu visizame. Dua ilipokwisha, mtoto wa marehemu alinieleza kwa upole, kama anayezungumzia kukodi chumba, kwamba ardhi ile wamepewa kwa muda. Muda ukiisha, familia huomba tena. Asipokuwepo wa kuomba, anawekwa mwingine.

Nilirudi nyumbani kwa basi, na tangu siku hiyo sikutulia. Nilikuwa nikifungua msahafu, naamka kwenda kufunga dirisha lililokwisha fungwa. Nikitumwa mkate, najikuta kituoni Gare du Midi, nimesimama chini ya ubao wa treni, nasoma majina ya miji nisiyo na shughuli nayo. Mtu aliyesomeshwa dini hapaswi kuhangaikia mahali mwili wake utakapolala. Nimewafundisha wengine hivyo kwa miaka, kwamba ardhi yote ni ya Mungu. Hata hivyo nilichotaka kilikuwa kimoja: kuzikwa kando ya mama yangu, katika mji wetu mdogo ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura, ambako sikuwa nimekanyaga tangu vita vilipotutoa.

Nilimweleza mke wangu akiwa jikoni, anapika sombe, majani ya muhogo aliyoyanunua mtaa wa Ixelles. Hakugeuka.

“Mzee mzima,” alisema, “mjukuu wako ana ndevu, na weye bado unataka kulala na mama.”

“Usifanye mzaha.”

“Sifanyi. Na miye utaniacha na nani huku?”

Nikaenda tena kutazama dirisha.

Katika watoto wa mama tumebaki wawili, mimi na dada yangu. Yeye ni mkubwa kwangu. Vita vilipopita alirudi katika nyumba ya baba, na humo ndimo anamoishi na mtoto wake wa kiume, mke wa huyo mtoto, na wajukuu. Tulizoea kupigiana simu siku za Idi. Mara hii nilimpigia siku isiyo Idi, na hilo peke yake lilimtia hofu.

“Kuna mutu amekufa?”

“Hapana. Nataka kuja.”

“Kufanya nini?”

Nilitafuta namna ya kulisema kwa adabu, maana huwezi kumwambia dada yako mzee, tena kwa simu, kwamba unakuja kutazama kaburi lako. Nikasema, “Nakuja kuangalia sehemu yangu.”

Kisha akasema, “Karibu. Nyumba ni yenu.”

Alisema yenu, hakusema yetu, na mimi sikulisikia.

Walinipokea kama mgeni wa serikali. Nilipewa chumba kikubwa, kiti chenye mto, na ndoo ya maji moto asubuhi na jioni. Dada aliniletea ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizoungwa kwa mawese, akaviweka mezani, akaenda kula jikoni. Nilipomwita tule pamoja alisema hana njaa, nami nilisikia sahani yake huko ndani.

Mpwa wangu, mtu mzima anayeuza mawese sokoni, alinizungusha nyumba nzima.

“Mujomba, mabati ya zamani yalioza yote. Haya tuliweka sisi.”

“Mungu awalipe.”

“Na huu ukuta ulianguka. Tukajenga tena.”

“Umejengwa vizuri.”

“Choo pia.”

“Nimekiona.”

Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake ataje bei.

Kila nilipomwomba dada anipeleke kwa mama, alijibu, “Bado. Kwanza tumalize ya hapa.” Nilidhani ni shughuli za nyumbani. Nikawa natoka, nafika sokoni, napita kwenye shule yetu ambayo sasa imezungushiwa ukuta, narudi, nakaa kidogo, natoka tena. Watoto wa mtaa wakanipa jina: Mzee Nenda-Rudi. Nilikuwa nimefika kwetu, na miguu ilikuwa ileile ya Gare du Midi.

Siku ya Ijumaa niliporudi kutoka msikitini nilikuta mikeka imetandikwa sebuleni. Imamu alikuwa amenitangulia kwa pikipiki na ameketi na wazee wawili wa mtaa. Mke wa mpwa wangu alisimama mlangoni pa chumba cha ndani, na nyuma yake niliona magodoro yamekunjwa na masufuria yamefungwa ndani ya kitenge.

“Tumeita mashahidi,” alisema mpwa wangu, macho chini.

“Mashahidi wa nini?”

Dada ndiye aliyejibu. Alikuwa amekaa kwenye kona ya mkeka, amejifunga mtandio vizuri kama mtu anayekwenda safari. “Weye umesoma. Unajua ya mwanamume ni ngapi na ya mwanamke ni ngapi. Gawa, tusikie.”

“Nigawe nini, dada?”

“Nyumba. Si ulisema unakuja kuangalia sehemu yako?”

Hapo ndipo nilipoelewa. Katika mji wetu, mahali ni fasi. Watu husema fasi ya kukaa, fasi ya kulala, fasi ya kuzikwa. Sehemu ni neno la siku moja tu, siku ya kugawa mirathi. Lakini mimi nimekaa sana na vitabu, na sana na Watanzania katika baraza za msikiti wa Brussels, nikachagua neno nililoliona safi zaidi. Kwa neno hilo dada yangu alikesha wiki nzima akijua kwamba katika sheria yetu kaka huchukua mara mbili ya dada, na kwamba mimi ndiye niliyesomea hesabu hiyo.

Nikawaeleza. Niliwaambia kwamba nyumba siitaki, kwamba kama nina haki yoyote ndani yake nimempa dada mbele yao wote, na kwamba nilichokuja kutafuta ni fasi ya kuzikwa kando ya mama.

Mzee mmoja alimgeukia mwenzake. “Huyu amekuja kutafuta kaburi, na hawa wameshafunga masufuria.”

Mpwa wangu alicheka mpaka akajifunika uso. Mke wake akaanza kufungua kitenge bila kungoja kuambiwa. Dada hakucheka.

“Kando ya mama fasi gani?” aliuliza.

“Upande wa ukuta. Niliiona kwenye picha ya mazishi mliyonitumia.”

“Ile ni yangu.”

Mke wa mpwa wangu aliacha kufungua kitenge.

“Nyumba chukua,” alisema. “Hata leo. Nitatafuta pa kulala. Ile fasi, hapana.”

Imamu alisafisha koo. Nilijua atakalosema: kwamba makaburi ni ya wote, na hakuna ajiwekeaye ardhi kabla ya siku yake. Ni kweli, na mimi mwenyewe nimelifundisha. Nilimgusa goti, akanyamaza.

Baada ya alasiri tulikwenda sisi wawili, polepole, kwa sababu magoti yake hayapandi kilima kama zamani. Kaburi la mama lilikuwa safi, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Kati yake na ukuta palibaki upana wa mtu mmoja, na hapo pia majani yalikuwa yameng’olewa. Nilisoma nilichojaliwa kusoma, tukaitikia amina. Kisha dada akainama, akaendelea kung’oa.

“Miye ndiye nilikuwa namugeuza kitandani,” alisema bila kunitazama. “Weye ulikuwa unapiga simu. Sikulaumu. Ulikuwa unapiga, na yeye alikuwa anafurahi, anataja jina lako mpaka jirani wanasikia. Lakini akimaliza kuongea na weye, ni miye alikuwa ananiomba maji.”

“Najua, dada.”

“Hujui. Nakwambia ndiyo ujue.”

Sitasema kwamba moyo wangu uliridhika papo hapo. Nilisimama pale nikiwa bado naitaka fasi ile, nikiupima upana wake kwa macho, nikitafuta hoja. Hoja ninazo nyingi, ndiyo kazi niliyosomea. Nilizipitia moja baada ya nyingine, nikakuta hakuna ninayoweza kuitamka mbele ya mwanamke mwenye udongo kwenye kucha.

“Ni yako,” nilisema.

“Ndiyo.” Akatupa majani nje ya ukuta. “Na mke wako, umemutafutia wapi?”

“Hakuniambia nimtafutie.”

“Ulimuuliza?”

Nikatazama ziwa kwa mbali.

“Mutu umesoma hivyo,” alisema, akanishika mkono tushuke.

Jioni ile sinia iliwekwa chini, moja, na dada alikaa upande wangu. Alinisukumia ndagala kubwa kwa kidole, kama alivyonilisha nilipokuwa mtoto, akanisema mbele ya wajukuu zake kwamba nilikuwa mlafi na mwoga wa mbuzi. Mpwa wangu aliniuliza kama ni kweli Brussels watu huswali ndani ya gereji. Nilimwambia tulianza hivyo, na Mungu akatupanulia. Tulikaa hivyo mpaka isha, na nilipokwenda kulala nililala.

Nilidhani nikirudi Brussels nitakuwa mtu mwingine. Haikuwa hivyo. Asubuhi ya kwanza nilikuwa tena mlangoni, koti mwilini, sijui naenda wapi. Mke wangu aliniona, akavaa koti lake naye. “Kama ni kutembea,” alisema, “twende mahali.” Tukapanda basi mpaka makaburini.

Alisimama kwenye kaburi la rafiki yangu, akamwombea, kisha akaangalia safu zilizokuwa bado hazijachimbwa, jinsi anavyoangalia nyumba ya kupanga. Alisema kuna upepo. Alisema binti yetu anayekaa Berchem-Sainte-Agathe atalazimika kubadilisha magari, lakini atafika, hata na watoto.

“Na muda wa ardhi ukiisha?” nilimuuliza.

“Wakati huo miye na weye tutakuwa na mengine ya kujibu.”

Sikubishana naye. Sikukubali pia. Tulirudi, mkono wake ndani ya mfuko wa koti langu.

Mpaka leo sijatulia, na namshukuru Mungu hivyo hivyo, maana huenda ni Yeye anayenitembeza. Kilichobadilika ni Ijumaa. Kila Ijumaa dada ananipigia, hangoji Idi tena. Ananieleza aliyezaliwa, aliyeoa, mawese yalivyo sokoni, na kwamba amepita kwa mama. Wiki iliyopita alikatiza habari katikati.

“Nasikia unatembea,” alisema. “Kaa chini, tuongee.”

Nikakaa, akaendelea. Alipofika kwenye habari za magoti yake nikasimama tena, taratibu, nimekwisha vua viatu ili asisikie, nikamsikiliza nikizunguka meza.

Wewe uliyefika hapa kwa kusoma, Mola akuhifadhi na walio wako, walio karibu na walio mbali. Akupe ndugu wa kukuuliza uko wapi, akusamehe maneno uliyoyasema ukikusudia mengine, na siku yako itakapofika, popote itakapokukuta, akupokee kwa wasaa na nuru. Amina.