Bahari ya Makumbi

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa mwanamke pekee katika studio moja ya kurekodi, ghorofani, mtaa wa Mlandege. Kazi yangu ilikuwa kusafisha sauti: kuondoa kikohozi cha mwimbaji, mvumo wa feni, honi za barabarani. Mwenye studio alikuwa mpiga kinanda wa zamani, mtu wa heshima zake, na alinifundisha mengi. Lakini aliamini kwamba kila sauti inayohitajika duniani imeshatiwa ndani ya kinanda chake, na sisi kazi yetu ni kubonyeza tu.

Siku moja mgeni aliyekuja kurekodi ngoma alisahau gazeti la kompyuta, na ndani yake mlikuwa na sidi. Humo nilikuta programu ndogo ambayo sikupata kumsikia fundi yeyote akiitaja. Haikuwa na kinanda wala mapambo. Ukiipa sauti, huikatakata vipande vidogo mithili ya punje za mchele, kisha unaweza kuzitawanya, kuzivuta, kuzirudisha nyuma, kuzimimina upya. Nilijaribu kwanza kwa sauti yangu mwenyewe, nikasema "naam". Ile "aa" ya katikati ikarefuka, ikarefuka, mpaka ikawa upepo unaopita uchochoroni.

Maelezo yake yalikuwa haba. Nikaenda kwenye duka la intaneti, nikamwandikia aliyeitengeneza kwa Kiingereza changu cha skuli. Baada ya wiki mbili akanijibu. Aliitengeneza peke yake, nyumbani kwake, na mimi nilikuwa mtu wa nne kumwandikia. Wa nne! Mwengine angevunjika moyo. Mimi nilijihisi nimeingia chumba ambacho hakuna wa kuniambia nikae wapi.

Haukupita muda, kikundi cha maigizo kikaja kutaka sauti za mchezo wao. Ulikuwa mchezo wa wanawake wa Chwaka wanaopiga makumbi, yaani yale maganda ya nazi yanayozikwa topeni pwani kwa miezi, kisha hupigwa kwa gongo mpaka yatoe usumba wa kusokotea kamba. Mkuu wangu hakufikiri mara mbili.

"Watilie bahari. Imo kwenye ile sidi yetu ya milio."

Nikaisikiliza. Ilikuwa bahari ya hasira, ina ndege wanaolia kama paka.

"Mzee, hii bahari ya wapi?"

"Bahari ni bahari."

"Chwaka maji yakitoka huisikii bahari. Unasikia tope na magongo."

"Kwa hivyo wewe ndiye fundi sasa?"

"Ndimi," nikasema, na nilishangaa jinsi neno lilivyotoka bila ya kutetemeka.

Jumapili nikaenda Chwaka na kinasa sauti. Nilimkuta mama mmoja wa makamo amekaa mchangani na wenzake, mikono myeusi kwa tope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unataka nini, mwanangu? Picha? Watalii washatupiga picha mpaka tumechoka."

"Sitaki picha. Nnataka sauti ya gongo lako."

Alicheka mpaka akaliweka gongo chini. "Ya gongo! Basi njoo ukae hapa karibu, usisimame kule kama mgeni."

Nilirudi mjini na pigo lake moja zuri, pigo la majimaji. Nilikesha? Hasha, nililifanyia kazi mchana kweupe, mbele ya macho ya mkuu. Nikalivuta likawa la dakika nzima. Kompyuta ilikwama mara tatu, na mara tatu nikaanza upya. Mwisho wake tope likawa wimbi linaloinuka polepole, na nyuzi za kumbi zinazochanika zikawa povu.

Mkuu akasikiliza amesimama. "Hii kelele."

"Naam. Kelele."

"Watu watasema spika zetu mbovu."

"Waseme."

"Ukiipeleka hiyo, usirudi hapa."

Nikaipeleka.

Mchezo ulioneshwa alasiri katika ukumbi wa skuli. Sauti ilipoanza watu wakageuka kuzitazama spika. Minong'ono ikazidi. Baadhi wakainuka wakatoka. Msimamizi wa ukumbi akaja mbio kutaka kuchomoa waya, nami nikasimama mbele ya soketi.

"Dada, mashine imeharibika!"

"Haijaharibika."

"Watu wanalalamika!"

"Waache walalamike. Ukitaka waya, niondoe mimi kwanza."

Nilikuwa nimevaa buibui, na yeye alijua hawezi kunigusa mbele ya kadamnasi ile. Alibaki amenitolea macho, mkono umening'inia.

Ndipo sauti ikapasuka kutoka safu ya nyuma, walikokaa waalikwa wa Chwaka. "Lo! Nyamazeni! Gongo langu hilo!" Yule mama alikuwa amesimama. Wenzake wakacheka, kisha wakatulia. Mmoja wao akaanza kulifuatisha pigo kwa mkono, lakini pigo lilikuwa refu mno, mkono ukabaki juu hewani, unangoja.

Sitadai kwamba ukumbi mzima uligeuka. Wengi waliondoka wakisema nimeharibu mchezo. Mgeni rasmi alimshukuru kila mtu isipokuwa mimi. Na mkuu wangu hakurudi nyuma: Jumatatu nilikuta programu yangu imefutwa na kiti changu kimekaliwa na mwengine.

"Umeacha kazi kwa ajili ya kelele?" mama yangu aliniuliza nyumbani.

"Sikuacha. Nimefukuzwa."

"Sasa utafanya nini?"

"Kelele zaidi."

"Basi ununue viatu vya maana. Huko mashamba kuna miba."

Nilipata kompyuta kuukuu ya binamu yangu, nikaiweka kwenye chumba cha kuanikia nguo. Nikatafuta programu nyengine zisizo na jina: moja ilichora sauti kama picha, ukaifuta kwa kipanya kama unavyofuta ubao, nyengine ilitaka uiandikie kila amri kwa mkono. Nyingi zilikwama. Waliokuja kuniona waliniuliza kwa nini situmii ile ya kila mtu. Niliwaambia kwamba ile ya kila mtu inajua mapema nnachotaka, na mimi bado nilikuwa sijui, wala sikuona haya kutojua.

Mwezi uliofuata, na viatu vyangu vipya, nikaenda Bwejuu kurekodi mwani unaokauka juani. Inabidi uiname sana, maikrofoni karibu iguse, ndipo uanze kuusikia ukipasuka.