Vitabu Nilivyowachagulia Wakorea

Huku Guangzhou, China, asubuhi nasoma chuo, jioni nawafundisha Wakorea kuandika Kiingereza kwenye kituo cha lugha. Juzi mkuu wa kituo akaniachia kazi ya kuwachagulia vitabu. Nikajiona profesa.

Nikaenda mtaa wa Xiaobei, ambako Waafrika tunanunua kila kitu kwa jumla. Muuzaji akanipa sampuli: kitabu kizuri, kimejaa insha na barua za mfano. Nikavutana naye bei mpaka akanuna, nikabeba katoni bila kuifungua. Mimi si wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Darasani nikaikata katoni kwa madaha, mkuu akitazama. Majalada yalikuwa yaleyale, ila ndani kurasa tupu. Kumbe vilikuwa vitabu vya kupambia makabati ya maduka.

“Ndiyo mbinu yangu,” nikasema bila kupepesa macho. “Kitabu mtakiandika wenyewe.”

Wakainama, wakaandika. Mama Han, ambaye tangu aanze hajawahi kumaliza sentensi ya Kiingereza, akasimama wa kwanza, akasoma kwa sauti: “Mwalimu wetu amenunua vitabu vitupu. Anatudanganya huku jasho linamtoka. Lakini tunampenda.”

Mkuu akanigeukia taratibu. Na mimi, nawaapia, nilitafuta kosa la kusahihisha nikalikosa.